Pistoni Zinazofaa Safari

Tulipofungua injini ya Toyota 4A-GE tuliyoinunua pamoja, akiba yetu ilitosha seti moja tu ya pistoni. Kama tungekosea, gari lingebaki juu ya mawe.

Pistoni zote tulizoonyeshwa zilikuwa za alumini, lakini hazikulingana. Zilizosubuliwa zina bei nafuu na hazina kelele, ila huvunjika upesi mafuta yanapolipuka ovyo ndani ya silinda. Zilizofuliwa hustahimili zaidi, nazo zilikuwa za aina mbili. Aloi ya 2618 ina silikoni kidogo sana. Ni shupavu, lakini hupanuka mno kwa joto. Hivyo hudai nafasi kubwa zaidi, na injini ikiwa baridi pistoni huchezacheza na kupiga kelele. Aloi ya 4032 ina silikoni ya asilimia 12 hivi. Hupanuka kidogo, hukaa karibu na ukuta wa silinda, na hufaa kwa safari za kila siku.

Baadhi yetu walitaka 2618, kwa kuwa ndiyo ya mashindano. Mkubwa wetu akauliza: “Gari hili litashindana na nani?” Tukanyamaza. Tukachagua 4032 zenye kichwa cha kiasi, kwani mgandamizo mkubwa hudai petroli bora, nasi hununua ile inayopatikana. Fundi akazipima pistoni kwanza, ndipo akachonga silinda kwa kuzifuata.

Nguvu isiyolingana na kazi ni mzigo. Kabla ya kuuliza kipi kina nguvu kuliko vyote, tuulize tunakwenda wapi.