Hiyo Si Santorini, Ni Watamu

Niliposti video ya sekunde 20 tu. Ukuta mweupe, bwawa, bahari kwa nyuma, mimi nimejilaza mguu juu ya mguu. Kufika jioni inboksi imejaa: "Bro, hiyo ni Santorini? Visa umepata lini?" Wasee, hiyo ni Watamu, kaunti ya Kilifi. Nilishuka matatu Gede, nikapanda tuktuk, nikafika.

Mwanzo nilicheka. Halafu nikaanza kujiuliza mbona kijana wa Malindi akionekana mahali pazuri, watu wanaona ni rahisi zaidi awe ameruka mpaka Ugiriki kuliko awe amepanda tuktuk.

Sawa, hizi vila zina sura ya kwao, sikatai. Miaka ya 1960 Waitaliano walikuja Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kurusha roketi kutoka kwa majukwaa ya San Marco yaliyo baharini. Setilaiti ya Uhuru iliruka kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, ndio ikapewa jina hilo. Baadaye wakaja wengine, si wa roketi tena, wa jua. Wakajenga. Leo ukitembea Malindi utapata pizza na jelato kabla hujapata mahamri, na muuza vinyago atakusalimu "ciao" hata kama wewe ni Mgiriama kama yeye.

Lakini ule ukuta mweupe mnaouita wa Santorini? Huo tulikuwa nao. Wazee wetu walikuwa wakichoma matumbawe, wanapata chokaa, wanapaka nyumba. Nenda magofu ya Gede, hapo hapo kwenye njia ya kuingia Watamu, uone watu waliokuwa na nyumba za mawe, visima na sahani za kutoka China, na mji wenyewe ulihamwa miaka ya 1600 huko. Na ile wanayoiita "daybed", ukilipia, ni baraza yenye godoro. Sawa, nimemaliza hapo.

Mimi nimekua nikizijua hizi vila kwa upande wa jikoni. Mamangu alifanya kazi kwenye moja miaka mingi, kutandika vitanda na kufua mashuka. Nyumbani kwetu hatukuhitaji kalenda. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, wageni wako, kuna chapati, karo inalipwa. Aprili mvua ikianza na kusi ikishika, mwenye nyumba anafunga, mama anaambiwa "tutakupigia". Aprili, Mei, Juni, hakuna mshahara. Mashuka yamekunjwa kabatini Watamu na sisi twala sima na mchicha Malindi. Hakuna aliyetuonea kwa makusudi, ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo kwa watu wengi hadi leo.

Kwa hivyo nilipomwambia mama kwamba mimi na mabeshte watano twaenda kulala vila siku tatu, alinitazama kama nimepagawa. "Ulipe pesa ukalale Watamu, na kitanda unacho hapa?"

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Ilikuwa Mei. Nyumba ya vyumba vitatu, shilingi 15,000 usiku mmoja, usiku mitatu ni 45,000. Watu sita, kila mtu 7,500, tulikuwa tumechanga kwa M-Pesa tangu Januari. Chakula tukaongeza 1,500 kila mmoja. Nyumba hiyo hiyo Desemba tuliambiwa ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kwa geti askari alitusimamisha. "Mwatafuta kazi?" Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Vijana sita weusi wenye mabegi, Mei, kwenye geti la vila: kwake jibu lilikuwa moja tu. Mmoja wetu akamwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu. Akausoma polepole, akaurudia, kisha akacheka mwenyewe na kutufungulia. "Karibuni basi, wageni." Alivyolitamka hilo neno "wageni", hata yeye alikuwa analionja.

Ndani, manze. Ule utulivu siwezi kuuweka kwenye video. Paa la makuti limepanda juu sana, joto linapanda huko, chini kwabaki upepo. Mvua ikinyesha juu ya makuti haipigi kelele kama ya mabati ya kwetu, inanong'ona. Ndiyo, kusi ilikuwa imeleta mwani ufuoni na maji hayakuwa yale ya kwenye postikadi. Lakini Malindi yenyewe msimu huo mto Sabaki humwaga tope mpaka bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, kwa hivyo Watamu hatukuwa na la kulalamika. Nililala mchana. Mara ya mwisho nililala mchana bila kuwa mgonjwa sikumbuki. Simu ilikaa chumbani saa tano nzima, na mimi kazi yangu ni simu.

Shida yangu ilikuwa mpishi. Alikuja na nyumba, yaani yuko ndani ya bei. Mzee wa rika la babangu, Mgiriama, anaongea Kiitaliano kuliko niongeavyo Kiingereza. Asubuhi ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, "Marahaba mwanangu," kisha akaniwekea chai mbele. Chai ilinikwama. Huwezi kumwambia mtu shikamoo halafu ukakaa unangoja akutengee.

Tukimaliza kula wali wa nazi na kolekole wa kupaka (samaki tulinunua kwa wavuvi asubuhi, nendeni mapema, saa tatu hakuna kitu), nikabeba sahani mpaka jikoni, nikakunja mikono kuosha. Akanizuia.

"Wacha hivyo vyombo. Ukiosha wewe, mimi nitaambiwa sina kazi."

Nikamwambia mamangu alikuwa akifanya kazi kama hii, naona haya kukaa tu. Akafuta mikono, akasema kitu ambacho sijaacha kukifikiria. Kwamba nyumba ile ikiwa tupu yeye halipwi. Tangu mwisho wa Machi sisi ndio tulikuwa wa kwanza. Siku tatu zetu zilikuwa siku tatu zake. "Wewe kaa ule. Haya uone ukiondoka bila kunilipa vizuri."

Nikakaa nikala.

Kuna watu wetu, na wengine ni marafiki zangu, wanaosema Mpwani kulala vila ni kujifanya mzungu, kusahau ulikotoka. Mimi nawaona wamekosea, na si kidogo. Hizo nyumba zimejengwa kwa mawe ya hapa, zimeezekwa na mafundi wa hapa, zimefuliwa mashuka na mama zetu. Kinachotufungia nje zaidi ni ile bei ya Desemba na ile fikra ya kwa geti. Bei ya Mei kuna vijana wengi wa Kilifi na Malindi wanaoweza kuichanga wakiamua, na Mei ndio mwezi ambao mpishi hana mtu. Wenye nyumba wanaongoja ndege kutoka Milano mpaka Julai wakati Mtwapa iko saa mbili kutoka hapo, sijui wanahesabu vipi.

Na pwani yenyewe msiombe ruhusa. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ukuta unaweza kuwa wa mtu, mchanga ule si wake. Shida ni vichochoro vya kufikia huko, maana vingine vimezibwa, unazunguka mpaka unachoka. Hilo lataka posti yake na kelele yake.

Mkienda, ulizeni kabla ya kulipa kama mshahara wa mpishi na wa usafi umo ndani ya bei. Sisi tuliuliza, tukaambiwa umo, na bado siku ya kuondoka tulimchangia mzee 3,000 juu. Tulimtumia kwa simu yake, si kwa ya msimamizi.

Alisoma ujumbe, akauweka simu mfukoni, akaniuliza kama nina marafiki wengine. "Juni hakuna mtu kabisa," akasema. Nikaichukua namba yake. Mpaka sasa nimewapelekea makundi mawili, moja la Kilifi na moja la Kisauni, na la tatu bado wanabishana nani atalala chumba chenye AC.