Bia Nyekundu na Ushahidi wa Ulimi

Kuonja si kunywa. Anywaye anatafuta kuburudika au kukata kiu, na hakuna wa kumdai maelezo. Aonjaye amekubali kuwa shahidi. Atasema alichokikuta ndani ya glasi, hata kama aliyeipika bia hiyo ameketi mbele yake akimtazama usoni. Wengi hudhani kwamba kazi hii ni raha tupu. Ina raha zake, sikatai, lakini ina mzigo pia, na mzigo huo huwa mzito zaidi kwa bia ya kiasi kuliko kwa bia kali. Bia kali hujieleza yenyewe. Bia ya kiasi humtaka mtu atulie na kusikiliza. Ndiyo maana nimeona nieleze habari za bia moja isiyopiga kelele, eli nyekundu ya Kiayalandi.

Mimi ni mtu wa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, lakini nimeishi miaka mingi Kilkenny, mji mdogo ulio kando ya mto Nore, kusini-mashariki mwa Ayalandi. Nililelewa katika harufu ya mbege: ndizi mbivu zilizopikwa, kimea cha ulezi, na gome la msesewa linaloitia uchungu. Kwa hiyo nilipofika huku sikuwa mgeni wa mambo ya kimea. Nafaka ilikuwa nyingine, shayiri badala ya ulezi, na uchungu ulitoka kwenye maua ya hopsi badala ya gome la mti. Shabaha ilikuwa ileile: utamu upate kitu cha kuukata, ili mnywaji asikinai upesi. Nilikuja pia na desturi moja ya nyumbani. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ndipo kata izunguke. Husemwa kuwa hiyo ni kuonyesha kwamba hamna sumu. Mimi naona ina maana nyingine pia, kwamba mpishi ndiye shahidi wa kwanza wa pombe yake.

Kilkenny ni mahali panapofaa kujifunzia bia hii. Watawa wa Mtakatifu Fransisko walijenga abasia yao hapa katika karne ya 13, na masimulizi ya mji husema kwamba walipika bia. Mwaka 1710 John Smithwick alianzisha kiwanda chake mahali hapohapo, na magofu ya abasia yakabaki ndani ya uwanja wa kiwanda. Mwaka 1965 kiwanda kilinunuliwa na Guinness, na mwishoni mwa 2013 upikaji ukakoma mjini. Upikaji wa Smithwick's ulihamishiwa Dublin, na sehemu ya majengo ya zamani ikafunguliwa kwa watalii.

Lakini mtu akiingia baa ya hapa hataagiza “eli nyekundu ya Kiayalandi.” Ataitaja bia kwa jina lake la biashara, basi. Lile jina refu lilipata nguvu zaidi ng'ambo. Kule Enniscorthy, katika jimbo la Wexford, kiwanda cha familia ya Lett kilifungwa mwaka 1956. Baadaye George Killian Lett, mtu wa ukoo huo, aliwapa Pelforth wa Ufaransa ruhusa ya kutumia jina lake, kisha akawapa Coors wa Marekani. Kuanzia mwaka 1981 bia ya Killian ikaanza kuenea Marekani, na watu wengi wa huko wakajua kwa njia hiyo kwamba Ayalandi ina bia nyekundu. Hatimaye bia hiyo ya Marekani ikawa laga, yaani bia ambayo hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi, wala si eli tena.

Sisemi haya kwa kuibeza. Hata mtoto huweza kupewa jina ukubwani na bado akawa mtoto wa nyumba ileile. Nasema ili tujihadhari. Watawa, magofu, na kinubi kilichochorwa kwenye lebo vina nguvu ya kutia ladha ambayo haimo ndani ya glasi. Ulimi utoe ushahidi kwanza, hadithi ifuate.

Sasa, ulimi utarajie nini? Kwa kawaida bia hii ina kilevi cha asilimia 3.8 hadi 5. Kimea chake kikuu ni kile cheupe, cha kawaida. Wekundu hutoka kwenye kiasi kidogo cha shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi kama buni, mara nyingi asilimia 2 au 3 tu ya nafaka yote. Ukizidisha, umepika bia nyeusi. Ukiweka kwa kipimo, glasi iliyoinuliwa kwenye mwanga hung'aa kama shaba iliyosuguliwa. Shayiri hiyo ina kazi ya pili, nayo kwangu ni kubwa kuliko rangi. Mwanzoni mdomo hupata utamu mdogo wa mkate uliobanikwa na sukari iliyoanza kuungua. Ukisha kumeza, ukavu kidogo wa kukaangwa hufuata na kuufuta utamu ule. Hopsi husaidia kwa uchungu mdogo, bila kutafuta sifa. Mdomo ukiwa mkavu, mkono wenyewe huirudia glasi.

Majaji wa mashindano wana karatasi yao. Inayojulikana zaidi ni ile ya BJCP, chama cha majaji wa bia kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985. Alama zake ni 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, jinsi bia inavyokaa mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Tazama jambo hilo. Wekundu, ambao ndio ulioipa bia jina lake, umo ndani ya zile alama 3, tena zinagawanywa na povu na ung'avu. Nilipoisoma karatasi hiyo mara ya kwanza nilifurahi, maana aliyeipanga alijua jinsi jicho linavyopenda kuwa hakimu wa mambo yasiyolihusu.

Nina jirani, mzee aliyestaafu useremala. Huku watu huitana kwa majina yao tu, hata mtoto na mtu mzima. Mimi nilishindwa, nikamwita Mzee kwa Kiswahili, na neno hilo akalipenda. Hupika bia katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Majira ya kuchipua yaliyopita alinigongea mlango akiwa na chupa mbili. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa baada ya wiki saba, na Mzee alikusudia kuwapa wageni eli nyekundu aliyoipika kwa mikono yake. Kabla ya kupika ile ya harusi alitaka niionje ya majaribio.

“Unambie kweli,” alisema. “Nyumbani wote wananiambia ni tamu.”

Nilimimina, nikaiacha ipoteze ubaridi wa friji, kwa sababu ubaridi huficha makosa na sifa kwa pamoja. Rangi ilikuwa safi kabisa, na povu lilikaa. Nikanusa mara mbili, kwa pumzi fupi. Kimea kilikuwapo, lakini juu yake ilitanda harufu ya siagi, kama popkoni inayouzwa kwenye sinema. Nikaonja. Siagi ilikuwamo pia, na baada ya kumeza ulimi ulibaki na utelezi mahali pale ambapo ukavu ulipaswa kufika.

Siagi hiyo wataalamu huiita diasetili. Hamira huitengeneza njiani inapochachua, na ikipewa muda huirudia yenyewe na kuila. Mpishi akiiharakisha bia kwenda kwenye baridi, hamira hulala kabla ya kumaliza kazi. Yaweza pia kuletwa na vijidudu vya uchafu, lakini hao mara nyingi huja na uchachu, na hapa uchachu haukuwapo. Nilijua tayari kwamba tatizo lilikuwa haraka.

Hapo ndipo mzigo ulipoanza. Nilijaza karatasi: harufu 6, sura 3, ladha 11, mdomoni 3, jumla 5. Ikawa 28. Kwenye karatasi hiyo bia ya alama 21 hadi 29 huitwa “nzuri.” Kwa hiyo ningeweza kumwambia Mzee, bila kusema uongo hata wa neno moja, kwamba bia yake ni nzuri, na karatasi ingenitetea. Naye angekwenda kuwapikia wageni mapipa mawili ya siagi siku ambayo hairudiwi. Nilimwambia: “Mzee, rangi yako haina dosari, na kimea chako ni cha mtu anayejua. Ila kuna siagi, na ni nyingi.”

Alinyamaza. Kisha akasema jambo ambalo lilinipa kazi ya kufikiri. Siagi, alisema, ni jadi ya bia hii, na alikua akiionja katika bia za zamani. Hakuwa akijitetea ovyo. Miongozo ya majaji wenyewe husema kwamba dalili hafifu sana ya siagi inaruhusiwa katika eli nyekundu, ingawa si lazima iwepo. Basi jadi inaishia wapi na dosari inaanzia wapi?

Jibu langu halikutoka kwenye mwongozo. Nilimwomba tuketi tuzinywe zile chupa mbili polepole, bila kuandika chochote. Bia hii ni ya mazungumzo. Haikupikwa ili mtu aistaajabie kwa mkupuo mmoja, bali imsindikize jioni nzima, painti moja hata ya pili, bila kumchosha wala kumlewesha upesi. Kwa hiyo hakimu wake wa haki ni nusu ya pili ya glasi. Siagi kidogo katika mkupuo wa kwanza yaweza hata kupendeza. Ukiwa katikati ya glasi na ulimi bado unatamani, hiyo ni jadi. Ukiwa katikati na mkono unasita, hiyo ni dosari, hata kama babu zetu waliinywa. Glasi yangu ilisimama robo tatu. Nikaitazama ya Mzee. Nayo ilisimama karibu palepale, na aliliona hilo kabla sijasema neno.

“Basi tufanyeje?” akauliza. Alisema tufanyeje, si nifanyeje, nami nikajua kwamba hatukugombana.

Dawa ilikuwa rahisi na haikugharimu kitu ila subira. Alipopika tena, hakuipeleka bia kwenye baridi siku aliyokuwa ameizoea. Kwanza tulichota glasi mbili ndogo. Moja tuliifunika na kuiweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika 20, ya pili tukaiacha kama ilivyo. Ile ya moto ilipopoa tukazinusa zote. Isiyopashwa haikuwa na siagi, lakini iliyopashwa ilinukia waziwazi, maana joto huifichua siagi ambayo bado haijazaliwa. Akaiacha bia juu ya hamira yake siku tatu zaidi, mahali pa uvuguvugu. Tulipojaribu tena, glasi zote mbili zilinukia mkate tu. Wiki mbili baadaye niliipa 37, ambayo karatasi huiita “nzuri sana.” Wageni wa harusi hawakuulizwa maoni na hawakuyatoa. Walikunywa na kupiga soga, na mapipa yote mawili yakaisha kabla ya dansi.

Nimejiuliza tangu hapo kwa nini sifa za bure huja upesi kuliko ushahidi. Nadhani ni kwa sababu sifa hummaliza mtu na kumpa ruhusa ya kuondoka. Ukisema “ni tamu,” umeshamaliza, waweza kwenda zako. Ukisema “kuna siagi,” umejifunga kubaki, kutafuta chanzo, kuja tena baada ya siku tatu na glasi mbili mkononi. Jamaa za Mzee walimpenda kuliko mimi, sina shaka. Lakini kila mmoja alionja mkupuo mmoja akiwa amesimama mlangoni.

Msomaji, ukibahatika kuipata bia hii, usiinywe ikiwa baridi ya barafu, na lebo uisome mwisho. Isifu rangi yake kwa alama tatu, usizidishe. Kisha unywe hadi katikati ya glasi, uiweke mezani, uendelee na mazungumzo. Baada ya muda angalia mkono wako umekwenda wapi.