Breki na Moto Wake

Katika umri wangu wote wa ufundi, ambao sehemu yake kubwa niliitumia mjini Singida katika karakana isiyo mbali na ziwa Singidani, watu waliniletea magari kwa shutuma moja tu, kwamba hayasimami. Mwenye lori alisema breki zimelegea, mwenye basi alisema zinavuta upande, na mwenye gari la fahari alisema hataki kuaibika mbele ya wenzake; nami, baada ya kuwasikiliza wote kwa adabu anayostahiki mteja, aghalabu niliwauliza swali lile lile: moto unakwenda wapi? Maana breki haimezi mwendo wa gari, bali huugeuza kuwa harara, na harara hiyo isipopata njia ya kutokea hubaki pale pale ilipozaliwa na kuharibu kila kilicho jirani yake.

Maarifa haya sikuyapata darasani. Nilitoka kwetu Iramba nikiwa kijana, mwaka 1973, nikapokewa na Mhindi mmoja mwenye kilemba niwe spanaboi wake, yaani kijana wa kupokeza spana, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kutumwa chai. Mzee yule alikuwa na mapenzi makubwa na mashindano ya magari ya Safari, yale yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza na kuzungushwa katika nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Na kila saa ya mapumziko hakuchoka kusimulia jinsi Joginder Singh, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alivyoshinda mwaka 1965 kwa Volvo, na jinsi Bert Shankland, dereva wa kutoka kwetu Tanzania, alivyotwaa ushindi mwaka 1966 na kuurudia mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka ule ule niliojiunga naye, Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun 240Z, na ilipotimu jioni bwana wangu alifunga kazi mapema, jambo ambalo sikuliona tena hata siku ya sikukuu.

Hata hivyo, mwalimu wangu wa kweli alikuwa mlima Sekenke. Asiyeupita hawezi kuujua: barabara ya Singida na Nzega, baada ya kutembea juu ya uwanda kwa utulivu kupitia Iguguno na Misigiri, hufika ukingoni mwa nchi na kuteremka ghafula kuelekea Shelui na mbuga za Wembere. Wazee humkumbusha mgeni kwamba Wajerumani walichimba dhahabu ya Sekenke, ambayo baadhi yake ilipigwa sarafu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916. Sisi mafundi tulijua kwamba mlima ule ulikuwa ukitutolea riziki ya namna nyingine. Lori lililosheheni mizigo, dereva wake akilipa gia kubwa kwa uvivu au kwa kubana mafuta, lilifika nusu ya mteremko likitoa moshi magurudumuni na harufu kali ya lining iliyoungua, isiyosahaulika puani. Dramu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia shuu zake, pedeli huzidi kwenda chini, dereva huzidi kukanyaga, na kadiri anavyokanyaga ndivyo anavyozidi kuchochea moto ule ule unaomnyima breki. Wengine walisimama na kuimwagia dramu maji. Nami asubuhi yake nilipokea dramu iliyopasuka kuanzia ukingoni hadi kwenye tundu la nati, nikamwonyesha mwenyewe ufa kwa ncha ya kucha yangu, akanyamaza.

Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, miaka ya uhaba, ambapo chupa ya mafuta ya breki ilikuwa adimu kama sukari. Niliona kwa macho yangu magari yaliyotiwa maji ya sabuni katika masta silinda. Pedeli ilikuwa ngumu na nzuri karakanani, na mwenye gari alijiona mwerevu. Ila maji, ambayo pwani huchemka kwa nyuzi 100, huku kwetu katika mwinuko wa mita 1,500 hivi huchemka kwa nyuzi 95, na yakishageuka mvuke ndani ya paipu, mguu hukanyaga hewa tu. Mafuta ya haki ya daraja la DOT 3 hustahimili si chini ya nyuzi 205 yakiwa mapya, na DOT 4 nyuzi 230. Lakini nayo huvuta unyevu kadiri miezi inavyopita, hata DOT 3 iliyolewa maji ikashuka hadi nyuzi 140. Ndiyo maana sikumwamini mtu aliyenihakikishia kuwa mafuta yake hayajapungua. Kutopungua si kutochakaa.

Nimeyatanguliza hayo yote ili msomaji aelewe kwa nini, mwaka 2012, kijana mmoja wa Arusha aliyeniletea Datsun 240Z nyekundu aliondoka na gari tofauti na lile alilolitaka. Alikusudia kulishindanisha na magari mengine ya zamani.

“Shikamoo fundi. Nataka breki kali,” akasema.

“Marahaba. Ukali si tatizo, mwanangu. Gari hili la kilo 1,100 pamoja nawe ndani, ukilisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 160 kwa saa, unazalisha moto wa kuchemsha lita tatu za maji na zaidi. Ukipunguza mwendo kwa nusu, moto unabaki robo. Sasa wewe utafunga breki mara ngapi katika mzunguko mmoja?”

Hakujibu, lakini alivua saa yake na kukunja mikono ya shati, nami nikampenda kwa hilo.

Kwanza tuliteremka Sekenke kama gari lilivyokuja, alfajiri kabla ya malori, kwa gia kubwa makusudi, kinyume cha yote niliyowafundisha madereva maishani mwangu, ili kazi yote iwe ya breki. Kabla ya kufika chini pedeli ikazama, nasi tukamalizia kwa gia na breki ya mkono. Kijana alitoka garini akiwa mpole kuliko alivyoingia.

Gari hilo lilitoka kiwandani na diski nyembamba za bapa moja mbele na dramu nyuma, na kalipa zake za mbele zina pistoni mbili tu. Ni jambo la ajabu kidogo, lakini la kweli, kwamba kalipa ya Toyota Hilux ya 4x4 ya mwanzo, yenye pistoni nne, hukaa katika matundu yale yale ya bolti kana kwamba viwanda viwili vilishauriana. Na Hilux, alhamdulillahi, ndizo zinazobeba vitunguu na alizeti za Singida, kwa hiyo mabaki yake hayakosekani. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kalipa kubwa juu ya diski ile ile nyembamba ni mpishi aliyeongezewa kuni akaachiwa sufuria yake ndogo. Nikachagua kalipa pana ya Hilux ya baadaye, nikatafuta diski pacha za Nissan nyingine, zile zenye mapengo katikati ya kupitisha upepo, nikakereza vipande vya duara vya kuziweka mahali pake, na kukata kidogo bati la kukinga vumbi. Pistoni mbili zilikuwa na kutu iliyotoboa. Hizo huwa sizisugui, hutupwa. Kisha tulifunga gurudumu na kulizungusha kwa mkono, sikio langu likiwa karibu na rimu, mpaka nikaridhika kuwa hakuna kinachogusana.

Pistoni zilipoongezeka, ilinibidi kuweka masta silinda pana zaidi, la sivyo pedeli ingekuwa ndefu. Na chini ya bampa nikafungua midomo miwili ya mpira wa kuleta upepo hadi katikati ya kila diski. Kazi ya kutoa upepo katika paipu tuliifanya kwa utaratibu wa tangu jadi, tukianza gurudumu la mbali na masta silinda: “Kanyaga! Achia! Kanyaga, shikilia!” huku nikitazama mafuta yakipanda katika mpira mweupe hadi viputo vikaisha.

Kijana alitaka dramu za nyuma ziondoke pia. Nikakataa. Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele, na nyuma ikizidi nguvu magurudumu hukwama na mkia ukatangulia. Nikamwekea vali ya kupunguza shinikizo la nyuma, basi.

Baada ya kuzizoesha pedi taratibu kwenye barabara ya Iguguno, tuliteremka tena Sekenke kwa namna ile ile. Diski zilikuwa zimegeuka rangi kidogo ukingoni, na pedeli ilikuwa pale pale tulipoiacha juu. Kilichobaki kilikuwa hesabu ya malipo: akashangaa kuona mipira ya upepo, iliyoletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, imezidi bei ya kalipa. Nikamweleza kuwa kalipa zilitoka kwa jirani, katika Hilux iliyopinduka. Akabishana kidogo kwa heshima ya mfuko wake, akalipa, nami nikamtilia chupa mbili za DOT 4 kwenye buti na kumwagiza abadili mafuta kila baada ya mashindano, kisha akashika njia ya Babati.