Ukuta Uliolala

Mpwa wangu alinionyesha picha kwenye simu yake, uso umemjaa furaha. Nyumba ya Kiponda tuliyokulia inatengenezwa iwe ya wageni, naye ni mmoja wa vijana waliopewa kazi. "Mjomba, kule juu tumeshasafisha. Magunia yale machafu tumeyatupa yote, sasa tunapiga jipsam." Nikamuuliza kama anajua magunia yale yaliwekwa na nani, na ya nini. Akasema alidhani ni ya kuzuia popo.

Simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Basi namwambia hapa, yeye na wenziwe wote wanaopanda ngazi za Mji Mkongwe na nyundo mkononi.

Nyumba zetu nyingi za mawe zilijengwa kwa paa bapa. Boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake yakapangwa mawe madogo, kisha zege ya chokaa ikapigwa kwa vigongo siku baada ya siku, wapigaji wakiimba, mpaka ikashikana. Paa la namna hiyo liliweza kuvumilia Lamu, lakini masika ya Unguja yalilishinda. Tangu karne ya 19 wenye nyumba walianza kulifunika kwa paa la mgongo, la mabati. Kati ya sakafu ya zamani na bati jipya pakabaki nafasi. Kwanza iliwekwa kuni na vyombo vibovu, kisha, watu walipozidi ndani ya nyumba moja, ikawa chumba.

Chumba hicho kilikuwa chetu, mama na sisi wanawe. Upande mmoja palikuwa na ukuta wa kweli wa mawe na chokaa, mnene kiasi cha nusu mita. Upande wa pili ukuta uliishia kiunoni, hapo likaanza bati, likipanda kuelekea mgongoni mwa paa. Mchana bati liliwaka moto. Usiku wa mvua lilipiga kelele hata mazungumzo yakakatika.   Anachopaswa kukijua kijana huyu ni jinsi mama alivyolifanya bati lile kuwa ukuta.

Alikuwa na kanuni moja: ukuta uliosimama ni wa vitu, ukuta uliolala ni wa nguo. Kwenye ule uliosimama alitundika sahani zake za maua, kioo, na kalenda yenye picha ya Msikiti wa Makka. Vidaka viwili vya ukutani vilikuwa na Msahafu na chetezo. Kwenye ule uliolala hakutundika kitu, kwa sababu kila kinachotundikwa penye mteremko huning'inia mbali na ukuta na kumgonga mtu kichwani. Alichukua magunia ya karafuu, akayafumua, akayaosha, akayashona kwa sindano ya magunia mpaka yakawa shuka moja kubwa. Fundi akalivuta na kulipigilia kwenye mbao za kenchi, akiacha nafasi ya shubiri moja kati yake na bati ili hewa ipite. Kisha likapakwa chokaa, mkono juu ya mkono, hadi likakauka na kuwa gumu.

Chokaa hiyo niliifuata mimi, kwa mzee mmoja mwenye duka dogo upande wa Mkunazini. Sijaona tena muuzaji kama yeye. Duka halikuwa na kitu cha kutazama: mapipa ya chokaa iliyozimwa, imefunikwa maji isikauke, brashi za katani zikining'inia mlangoni, na pakiti za buluu ya kufulia juu ya rafu. Ukimwamkia anaitika taratibu, kisha anauliza, "Ya ukuta uliosimama au uliolala?" Ukijibu uliosimama, anakuchotea, anakwambia utie chumvi kidogo na buluu kiasi cha ncha ya kijiko, weupe upoe. Ukijibu uliolala, anainamia pipa la ndani kabisa, lililokaa muda mrefu zaidi, laini mfano wa siagi, na anakuagiza umwambie mama akoroge na uji mwembamba wa muhogo ili ishike kwenye nyuzi. Hakuwahi kumuuzia mtu chokaa iliyozimwa wiki ile. Alisema itapasuka, na jina litakaloharibika ni lake.

Tulipaka kila Shaaban. Ukitaka kujua utoto wangu ulinukaje, ni harufu ile: chokaa mbichi, yenye ukali wa jiwe lililolowana, na ndani yake karafuu. Magunia yalioshwa mara ngapi sijui, lakini jua lilipokuwa kali adhuhuri, karafuu ilitoka kwenye ukuta uliolala na kukijaza chumba kizima. Wageni waliopanda kwetu walidhani mama amefukiza.

Kupaka chokaa hakukuwa urembo mtupu. Chokaa ni matumbawe yaliyochomwa, yakazimwa kwa maji, na yakikauka ukutani huvuta hewa na kurudi kuwa jiwe. Hupokea unyevu na kuutoa. Ukuta wa matumbawe una chumvi na maji ndani yake daima, na unahitaji pa kuyatolea. Ukiubandika saruji au rangi ya mafuta, maji hukwama ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na siku plasta inapodondoka huondoka na uso wa ukuta.

Hilo nimeliona kwa macho. Saruji ilipopatikana kwa urahisi, kila mtu aliitaka, kwa kuwa ilikauka haraka na ilionekana ya kisasa. Mzee wa Mkunazini alifariki, na duka likawa la simu. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa 1985, mji ukaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hoteli zikafuata. Siku hizi vyumba vya juu ndivyo ghali kuliko vyote, kwa ajili ya upepo na bahari. Mteremko unafunikwa kwa jipsam na taa za rangi, kuta za chini zinapigwa saruji, na baada ya masika machache madoa yanatokea, rangi inapakwa tena juu ya madoa, na mwenye nyumba anasema mawe ya zamani hayafai. Inaniudhi kusikia hivyo, kwa sababu mawe hayo yamesimama zaidi ya karne yakiwa yamevaa chokaa.

Mpwa wangu, na wewe unayemiliki au kukarabati nyumba ya mawe: kabla hujabomoa, nenda Mamlaka ukaombe kibali, ndiyo sheria, na huko huko uulizie mafundi wa chokaa. Bado wapo, na chokaa bado inachomwa Unguja. Izime, ipe muda, paka kuta zote mbili. Saruji irudishe dukani.