Maombi ya Mvua na Mchanga wa Mtoni

Wapo wahubiri wanaodai kwamba ukame wa Ukambani ni adhabu ya dhambi. Mimi nakataa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua ilitukosa misimu mitano mfululizo, na huko kwetu Kitui mifugo ya mlevi na ya mzee wa kanisa ilikufa pamoja.

Imani niliiona mtoni. Akina mama wa mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja, waliomba kwa ufupi (ingekuwa heri wahubiri wetu waige), kisha wakashika sululu na karai. Walikuwa wakijenga bwawa la mchanga, ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu. Mto ukifurika, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie. Mabwawa ya aina hii yapo mengi Kitui na Makueni; shirika la SASOL limesaidia kujenga mamia tangu miaka ya 1990.

Sisi wa Nairobi tulichanga pesa za saruji, tukadhani tumemaliza. Kazi ngumu ilikuja maji yalipopatikana. Je, ambaye hakuchimba achote? Ubishi uliwaka, tena baina ya watu walioshiriki meza moja ya Bwana. Mwishowe wakakubaliana wote wachote. Mjane wa ng'ambo, asiye wa kanisa letu, akapewa zamu ya alfajiri, kwa kuwa hana punda.