Tulivyofika Bateshwar, penye mahekalu yaliyoanguka

 Ni sisi watoto wenu watatu tuliokuja kusoma India, katika mji wa Gwalior. Tuliombwa tuandike habari za huku, lakini zisiwe za masomo, maana hizo mmeshazisikia mpaka mmechoka. Basi tunawaandikia safari yetu ya tarehe 26 mwezi wa kwanza, siku ya sikukuu ya Jamhuri huku, tulipokwenda Bateshwar.

Aliyetaka twende ni dada yetu. Wakati wa Noeli mama yake alimpigia simu kutoka kambini, akamwambia kwamba kule nyumbani Fizi watu wameanza kubeba mawe ya msingi wa nyumba yao. Nyumba yenyewe iliungua zamani, ulibaki msingi tu. Tangu siku hiyo dada alikuwa kimya sana. Aliposikia darasani kwamba karibu na Gwalior kuna mahali ambapo nyumba za mawe zilianguka kwa mamia ya miaka, kisha zikainuliwa tena kwa mawe yale yale, akasema, "Mimi naenda. Mnaotaka, twendeni."

Tulikodi bajaji asubuhi na mapema. Ni kama kilomita 35 upande wa kaskazini. Watu wanafikiri India ni joto siku zote, kumbe mwezi wa kwanza ukungu unafunika barabara na meno yanagongana. Dada alijifunga blanketi lake la kijivu, lile la mgao, alilosafiri nalo kutoka huko. Ukungu ulipoondoka tuliona mashamba ya haradali kila upande, maua ya njano mpaka macho yanauma. Baada ya kijiji cha Padavali barabara inaingia kati ya vilima vya mawe, na hapo ndipo penyewe.

Mliosali katika makanisa makubwa ya Bukavu msifikirie kitu cha namna hiyo. Haya ni mahekalu madogo madogo, mengi yanatosha watu wawili watatu tu ndani, yamesimama kwa mistari kwenye mteremko. Yako kama 200. Yalijengwa kati ya karne ya 8 na ya 10, wakati wa wafalme wa ukoo wa Gurjara-Pratihara. Mengi ni ya Shiva, mengine ya Vishnu, miungu ya Wahindu. Katikati kuna birika kubwa la maji lenye ngazi za mawe. Hakuna kelele, ila tausi wanalia juu ya kilima.

Mwenzetu wa tatu, ambaye baba yake ni mchungaji, alisita mlangoni. Alisema hawezi kuingia nyumba ya mungu mwingine. Hatukubishana naye. Alikaa nje akitazama nakshi, na mwisho wa siku yeye ndiye aliyeziona vizuri kuliko sisi.

Yalianguka lini? Wataalamu wanasema ni baada ya karne ya 13, ila hawapatani juu ya sababu. Kuna wanaosema tetemeko la ardhi, kuna wanaosema vita. Mwaka 1882 Mwingereza Alexander Cunningham, mkuu wa idara ya mambo ya kale, alipita hapa akaandika kwamba kuna mahekalu zaidi ya 100. Mwaka 1920 serikali ikatangaza mahali hapa panalindwa. Lakini sisi watu wa kambi tunajua maneno ya kwenye karatasi. Mawe yaliendelea kulala chini, miti ikiota juu yake, mpaka 2005.

Mwaka huo ndipo alipokuja K. K. Muhammed, afisa wa idara hiyo hiyo, Mwislamu wa kutoka Kerala, kusini kabisa. Shida yake ya kwanza haikuwa mawe, ilikuwa majambazi. Makorongo ya mto Chambal yalikuwa maficho yao kwa miaka mingi, na bila wao kukubali hakuna kazi. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba siku moja alimkuta mtu ndani ya hekalu anavuta sigara ya kienyeji, akamfokea. Mtu wa pale akamnong'oneza kwamba huyo ni Nirbhay Singh Gujjar, jambazi aliyeogopwa kuliko wote. Muhammed hakukimbia. Alikaa karibu na miguu yake, akamwambia kwamba waliojenga hapa ni Gurjara, na wewe ni Gujjar, hii ni kazi ya wazee wako. Jambazi akakubali kazi iendelee. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo polisi wakamuua.

Mngedhani hapo ndipo amani ilipokuja. Hapana. Majambazi walipokwisha wakaja wachimbaji wa mawe, baruti zikawa zinatikisa mahekalu yaliyokwisha kuinuliwa, na Muhammed akaanza vita vingine vya kuandika barua mpaka kwa wakubwa. Dada aliposikia hayo alicheka kidogo, akasema, "Kumbe ni kama kwetu." Mwaka 2019 serikali ya India ilimpa Muhammed nishani ya Padma Shri.

Mzee mmoja mlinzi alituzungusha. Kwa Kihindi chetu cha kubahatisha tulimuuliza: walijuaje jiwe hili ni la hapa na si la pale? Alitupeleka kwenye ukuta, akamshika mwenzetu mkono na kumpitisha kidole kwenye nakshi. Ua limeanzia jiwe moja na kumalizikia jiwe la pili. Yaani lile lenye nusu ya ua linatafutwa nusu yake. Chini ya jiwe kuna mahali palipochongwa ili likae juu ya mwenzake, na lisilokaa sawasawa si la hapo, linarudishwa. Kwa namna hiyo mahekalu zaidi ya 60 yamesimama.

Mengine bado. Nyuma, kuelekea kilima, tuliona mawe mengi chini, mengine yamepangwa kwa safu, mengine ni rundo tu. Dada alikaa huko muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Alipiga picha za marundo, siyo za mahekalu. Dereva wa bajaji alipiga honi mara tatu, tukawa tunamwita naye haitikii.

Usiku alimtumia mama yake zile picha. Mama hakuuliza habari za wafalme wala za majambazi. Aliuliza, "Na mawe ya chini hayakubebwa na watu?" Dada akamjibu kwamba yako pale, kuna mzee analinda. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kesho yake atafuta mtu anayekwenda Fizi, ampelekee mjomba ujumbe: awaambie majirani wasiyabebe tena, na yale ya upande wa mwembe ayahesabu.

Mpaka tunaandika barua hii mjomba hajajibu.