Mlango wa Mwajuma

Vijana wa usharika wetu, huku Hanang, walipoomba ukumbi wa kanisa waangalie filamu ya mapenzi, tuliwauliza kwanza ni filamu gani. Wakasema ni Vuta N'kuvute. Sisi wa nyumba ya mchungaji tulilijua jina hilo kwa riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, ambayo wengi wameisoma sekondari. Filamu yake imeongozwa na Mtanzania mwenzetu, Amil Shivji, na mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Tukawapa ufunguo, nasi tukaenda kukaa viti vya nyuma.

Habari yenyewe ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mtu mzima wa rika la baba yake. Anamkimbia. Anakutana na Denge, kijana Mwafrika anayesambaza makaratasi ya kupinga ukoloni huku polisi wakimwinda. Wanapendana. Kwa watu wa Yasmin hiyo ni aibu isiyotamkika, na utawala wenyewe ulikuwa umewapanga watu kwa rangi, kila mmoja na ngazi yake.

Hatusemi kwamba tunabariki kila kilichomo. Yasmin ni mke wa mtu, na kanisa letu linajua agano la ndoa ni nini. Lakini binti mmoja wa darasa la kipaimara alituuliza baadaye: aliyemwoza mtoto bila kumuuliza, yeye je, aliliheshimu agano? Tukamjibu kwamba hapana, hakuliheshimu.

Vijana walimlilia Yasmin usiku ule. Sisi tulikuwa tukimwangalia mtu mwingine, Mwajuma. Huyu ni mwanamke maskini, mwimbaji wa taarabu, ambaye wenye heshima zao wasingependa binti zao waonekane naye. Yasmin alipokataliwa na watu wake, huyo ndiye aliyemfungulia mlango. Hakumhubiria wala kumuuliza kabila lake. Bila Mwajuma, wapendanao wale wasingefika popote, maana mapenzi hayana mahali pa kulala mpaka mtu wa tatu atoe chumba.

Sasa, wapendwa, ni rahisi sana kuwalaumu ndugu wa Yasmin. Unguja ni mbali, na Mwingereza ameondoka. Lakini hapa kwetu, kati ya ndugu zetu Wadatoga, kuna ukoo wa wahunzi waitwao Gidang'odiga. Kwa mila, mfugaji haoi kwao wala haozi kwao. Bangili za shaba anazovaa mama wa Kidatoga, na mkuki wa mumewe, vyote vimetoka kwenye moto wa mhunzi. Kule Ziwa Eyasi wahunzi huyeyusha makufuli mabovu na koki za maji, wakatengeneza bangili; Wahadzabe nao huchukua kwao vyembe vya mishale. Kazi ya mikono yao inaingia kila boma na kulala kwenye mkono wa mama mwenye nyumba. Wao wenyewe wanaishia mlangoni. Nasi Wairaqw tusicheke, kwa sababu sote tumekua tukionyeshwa nyumba fulani ambayo hatupaswi kuoa, na tulipouliza sababu tuliambiwa tunyamaze tule.

Mwaka uliofuata walikuja sebuleni kwetu wawili, binti wa mfugaji na kijana wa wahunzi. Wote wamebarikiwa kipaimara, wote wanakwaya. Walitaka matangazo ya ndoa. Kabla ya Jumapili ya kwanza tukapata wageni wengine, wazee watatu, na mmoja wao ni mzee wa kanisa. Tuliwakaribisha chai. Huyo akasema kwa upole: "Mchungaji, Neno hatulipingi. Meza ya Bwana tunashiriki pamoja nao. Lakini boma si kanisa."

Ni maneno mazito, na aliyeyasema si mtu mbaya. Tulifungua Kutoka 31, pale Mungu anapomtaja Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha na shaba, kwamba amemjaza Roho wake. Katika Maandiko, mfua shaba ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kusemwa kwamba wamejazwa Roho wa Mungu. Mzee alisikiliza, akasema Musa naye angekuwa na binti angefikiri mara mbili. Hapo mama mchungaji akamuuliza, kwa adabu zote: "Mzee wetu, bangili za mama yake huyu binti zilifuliwa na nani?" Mzee alicheka kidogo, akaomba chai nyingine. Hakujibu.

Matangazo tuliyasoma Jumapili zote tatu. Jumapili ya pili benchi moja zima lilikuwa tupu. Baba wa binti alisema ng'ombe wa mhunzi hawataingia zizini mwake, na jioni hiyo binti akatoka nyumbani na kanga mbili na Biblia.

Tulikuwa tumemwandalia chumba cha wageni. Hakufika kwetu. Alipokelewa njiani na mama mmoja anayepika pombe ya kienyeji pale senta, mama ambaye hayumo hata kwenye daftari letu la sakramenti. Alimkalisha wiki tano na kukataa hela tuliyompelekea ya unga. Usharika wenye kwaya tatu na kikundi cha wanawake ulishindwa mbio na mpika pombe. Jambo hilo tumelisema kwenye baraza la wazee, na limeandikwa katika muhtasari.

Ndoa ilifungwa. Mama mzazi alikuja peke yake, amevaa bangili zake zote, akaketi benchi la mbele karibu na yule mama wa senta. Baba hakuja. Ametuma neno kwamba huenda akaja siku ya ubatizo, mtoto akiwa wa kiume. Mama mchungaji amemjibu kwamba hata akiwa wa kike tutamletea taarifa.